Avoka (wakili) wa watu wa banki na mikopo, Lubumbashi, tangu 2007. Someni hii kabla hamjasaini karatasi yoyote

#1 – Mleta uzi (Lubumbashi)

Jambo yenu wote. Wiki iliyopita kijana anayemaliza sheria pale Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alinifuata nje ya Tribinali ya Biashara akaniuliza: "Metre, kwa nini umejifunga na watu wa banki? Si ungeshika kesi za migodi kama wakubwa wengine?" Nilimjibu haraka kwa sababu kikao kilikuwa kinaanza, na jibu lile fupi likanisumbua njia nzima hadi nyumbani. Acha niliandike hapa lote.

Ninaowatetea ni makesie, maagenti wa mikopo, magerani wa matawi, wahasibu, wakaguzi wa ndani, mara moja moja mkurugenzi. Siku hizi wameongezeka wenye vibanda vya M-Pesa na Airtel Money. Nchi yetu ya Kongo haina soko la hisa, kwa hiyo ukisema "mtu wa uwekezaji" hapa Lubumbashi, watu wanamwona yule anayepokea akiba, anayekopesha, anayebadilisha falanga au anayeuza bima. Wote hao kila siku wanapitisha mikononi makuta ambayo si yao. Siku hesabu ikikataa, anayetazamwa kwanza ni aliyekaa karibu na sanduku, hata kama tundu liko ghorofa ya juu.

Kesi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa 2007. Nilikuwa nimetoka tu kwenye miaka miwili ya staji, yaani mafunzo ya kazi, ambayo sheria ya 1979 ya baro (chama chetu cha maavoka) inamdai kila avoka. Mteja wangu alikuwa mama mmoja, kesie wa nyumba ndogo ya mikopo huko Kampemba. Zilipungua dola 2,400. Nilisimama mbele ya juji wa tripaix, tribinali ndogo ya mtaa, nikaongea vizuri mno. Nilitaja watoto wake wanne, kanisa lake, miaka yake 11 ya kazi bila doa. Nikasoma ibara ya 17 ya Katiba, kwamba kila mshitakiwa ni mtu asiye na hatia mpaka hukumu ya mwisho. Juji alinisikiliza bila kunikata, halafu akauliza swali moja: "Metre, asubuhi ya tarehe 14 sanduku lilifunguliwa na kiasi gani?"

Sikujua. Mama alijua, alikuwa amekaa nyuma yangu na namba ile kichwani, lakini mimi sikuwahi kumuuliza. Mama alikaa gereza la Kasapa miezi minane. Dada yake ndiye alikuwa akimpelekea bukari, na kila nilipokutana naye mlangoni pa gereza alinisalimia kwa heshima ambayo sikuistahili.

Baba yangu mdogo alikuwa mhasibu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, enzi za mshahara wa uhakika. Nilimwendea nyumbani kwake Katuba nikamwomba anifundishe hesabu, kila Jumamosi asubuhi. Hakunipa kitabu. Alinipa daftari la duka la jirani akasema: tafuta falanga 500 zilipopotelea. Zilinichukua wiki tatu. Hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimeandikwa mara mbili, kwenye kurasa mbili, kwa mikono miwili tofauti. Tangu siku hiyo sijaingia kikaoni bila kujua sanduku lilifunguliwa na kiasi gani, likafungwa na kiasi gani, nani alihesabu, na nani alisaini kwamba amehesabu.

Kesi iliyonipa jina mjini ni ya miaka sita baadaye. Binti wa gishe, dirisha la kupokea na kutoa pesa, alishitakiwa kwamba alitoa pesa kwenye konti ya marehemu, mara tatu, akitumia neno lake mwenyewe la siri kwenye kompyuta. Banki ilileta karatasi ya mashine na jina lake lilikuwepo kweli. Tuliomba daftari la mlinzi wa mlango, lile la kuandika anayetoka na anayeingia. Mara mbili kati ya tatu, saa ile mashine inasema alikuwa anatoa pesa, mlinzi alikuwa ameandika kwamba ametoka kula. Neno lake la siri lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi, kwa amri ya gerani, "ili kazi isisimame". Aliachiliwa. Banki nzima yenye mashine za maelfu ya dola, na kilichomwokoa mtoto wa watu ni kalamu ya Bic ya mlinzi.

Kwa hiyo kijana wangu wa Unilu, jibu langu ni hilo. Kazi hii niliichagua kwa sababu ya mama wa Kampemba, na nimebaki ndani yake kwa sababu karibu kila dosie ninayofungua ina daftari la mlinzi mahali fulani, na mara nyingi hakuna aliyelifungua.

Mwenye swali aulize.

#2 – Dada wa Ruashi

Metre, aksanti. Mdogo wangu ni agenti wa mikopo. Wanasema ametoa mikopo kwa watu hewa, dola 7,800. Jana jioni walimfungia ofisini mpaka saa tatu usiku, wakamwandikia karatasi ya kukubali deni asaini, wakisema akisaini hawapeleki mambo parike, kwa waendesha mashitaka. Hajasaini bado. Kesho saa tatu asubuhi ameitwa. Avoka wa kampuni alimpigia simu, alimsemesha kwa upole, akamwambia "mimi niko hapa kuwasaidia ninyi wote". Tufanye nini? Mama hajalala.

#3 – Mleta uzi

Dada yangu, kwanza pole. Soma polepole, na umsomee mdogo wako.

Asisaini. Karatasi ile ya kukubali deni nimekutana nayo katika nusu ya dosie zangu. Mtu anaisaini usiku, amechoka, anafikiri amenunua amani. Kesho yake inapelekwa parike ikiwa juu kabisa ya dosie, kama ungamo. Hakuna sheria inayomzuia mwajiri kushitaki baada ya kuipata. Kama kuna deni la kweli, litajadiliwa mchana, mbele ya avoka wake, baada ya hesabu.

Yule avoka mpole: sisemi ni mtu mbaya. Anafanya kazi yake, na kazi yake ni kampuni. Atakachoambiwa na mdogo wako ni mali ya kampuni, na kampuni ikitaka kukitumia dhidi yake itakitumia. Marekani jambo hili liliamuliwa na mahakama yao ya juu kabisa mwaka 1981 katika kesi ya Upjohn: siri ya mazungumzo kati ya mfanyakazi na avoka wa kampuni ni ya kampuni. Tangu hapo maavoka wa kule, kabla ya kumhoji mfanyakazi, humwambia wazi: mimi si avoka wako. Hapa kwetu onyo hilo halitolewi. Kwa hiyo ulizeni wenyewe, kwa sauti: "Metre, wewe ni avoka wa nani?"

Kesho asiende peke yake. Ibara ya 19 ya Katiba inampa haki ya kuwa na mteteaji wa chaguo lake tangu kwenye upelelezi wa polisi, siyo mpaka afike kikaoni. Ibara ya 18 inasema polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Kama hamna uwezo wa kumlipa mtu, nendeni baro mkaulize ofisi ya ushauri wa bure. Ipo kisheria. Inachelewa, lakini ipo.

Magistra wa parike anaweza kuamua kumbakiza ndani. Msivunjike moyo hapo. Manda, yaani hati, ya kukamatwa kwa muda ina siku 5, halafu lazima apelekwe mbele ya juji katika kikao cha faragha kinachoamua kama abaki ndani. Akibakizwa ni siku 15, baadaye mwezi kwa mwezi, na kila mara avoka anaweza kuomba atolewe kwa dhamana. Siku zile 5 za kwanza ndizo za kukimbia kutafuta karatasi: orodha ya wateja aliowakopesha, vitabu vya risiti, barua ya kamati iliyopitisha kila mkopo. Agenti hapitishi mkopo peke yake. Kuna saini nyingine pale. Zitafuteni.

#4 – Mtoto wa Soko la Kenya

Mimi nasema wazi. Mama yangu anauza samaki kavu. Aliweka akiba miaka minne katika kooperative moja ya hapa mjini, siku moja akakuta mlango umefungwa. Ile pesa ilikuwa ya kunipeleka shule. Na kulikuwa na avoka aliyesimama kumtetea yule mkurugenzi. Ninyi mnakula jasho la mama zetu mara ya pili.

#5 – Mleta uzi

Ndugu yangu, sitakujibu kwa ibara ya sheria kwanza. Shangazi yangu naye alipoteza namna hiyo, na mpaka alipofariki alikuwa bado anatunza kile kitabu chake chekundu cha akiba ndani ya Biblia. Hasira yako naijua kwa sura.

Nilishawahi kumtetea gerani ambaye alikuwa amechukua kweli. Aliniambia mwenyewe, na jina lake litakufa nami. Sikumwambia juji kwamba hakuchukua. Nilimwonyesha juji alichochukua ni kiasi gani, kwa sababu nyumba ya mikopo aliyoifanyia kazi ilikuwa imemtwika na yote yaliyopotea miaka mitatu kabla hajaajiriwa. Alifungwa kwa kile cha kwake. Na kwa kuwa hesabu ile ilifanywa kikaoni, wenye akiba waliona kwa mara ya kwanza kwamba sehemu kubwa ilitoka kabla yake, na wakajua wamuulize nani. Kama angebebeshwa yote, wale wa kabla yake wangelala salama hadi leo.

Mama yako anahitaji hesabu ya kweli kuliko mtu yeyote mle ndani. Kooperative za akiba na mikopo zilipewa sheria yao Februari 2002, nyumba za mikopo midogo zikapewa yao Septemba 2011, na zote ziko chini ya jicho la Banki Kuu ya Kongo. Mnaodai mkikusanyika mkawa kundi moja, mkawa na avoka wenu, mkaingia kesi ya jinai kama upande unaodai fidia, mna nguvu. Ukimtafuta avoka, muulize kama anajua kusoma bilanzi, ile karatasi ya mali na madeni ya kampuni. Kama hajui, mshukuru na uendelee kutafuta.

#6 – Mwana wa Bukavu

Mukubwa, sisi huku mambo ni mengine. Nilikuwa agenti wa mikopo. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, mabanki yalifunga, wateja wakakimbilia Burundi na kwingineko. Nina dosie 60 na kitu zisizolipwa. Makao makuu wananiandikia kwamba nimetumia uaminifu wao vibaya, watanishitaki nikitia mguu Kinshasa.

#7 – Mleta uzi

Ndugu wa Bukavu, jambo lako ndilo linalonikera kuliko yote. Kosa wanalolitaja ni la ibara ya 95 ya kitabu cha adhabu cha 1940: miezi 3 hadi miaka 5. Linataka mtu awe amekabidhiwa kitu, akakigeuza au akakitapanya kwa nia mbaya, na mwenye kitu hicho akaumia. Mkopo ulioharibika si wizi. Hata mkopo uliotolewa bila busara si wizi. Ni kosa la kazi, na kosa la kazi lina mlango wake: Kanuni ya Kazi ya Oktoba 2002, inspekta wa kazi, tribinali ya kazi. Huko nako mwajiri ana saa yake: akitaka kukufukuza kwa kosa zito lazima akuandikie ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Wengi huzipitisha halafu wanakimbilia parike kutafuta kwa pingu walichokosa kwa barua.

Na wateja wako wenyewe hawafungwi kwa kushindwa kulipa. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia 1976, unasema hivyo katika ibara ya 11.

Fanya kitu kimoja wiki hii. Andika kila dosie kwenye mstari wake: jina, alilipa mara ya mwisho lini, ulimtafuta lini, kwa simu gani, ulijibiwa nini. Tarehe za Januari na Februari zitajieleza. Tuma orodha hiyo makao makuu kwa njia inayoacha alama, kabla wao hawajakuandikia tena.

#8 – Mwanafunzi wa sheria, kampasi ya Kasapa

Metre, ni mimi niliyekuuliza nje ya tribinali. Nasikia Marekani kuna maavoka wanaofanya kazi hii tu maisha yao yote, kutetea madalali wa hisa na washauri wa fedha. Wanaishije? Na hapa kwetu mtu anaweza kuishi nayo?

#9 – Mleta uzi

Karibu, mdogo wangu. Kule ni dunia kamili. Kuna SEC, chombo cha serikali cha kusimamia soko la hisa tangu 1934, na kuna FINRA, chombo cha madalali wenyewe, kilichoundwa 2007. Dalali akilalamikiwa na mteja, mara nyingi hawaendi mahakamani, wanaenda kwa wasuluhishi wa FINRA. Lalamiko lenyewe linaweza kuandikwa kwenye BrokerCheck, orodha ambayo raia yeyote anaifungua kwenye intaneti. Kwa hiyo avoka wa kule anapigania vitu viwili: pesa inayodaiwa, na jina la mtu kwenye ile orodha. Kuna wanaotumia miaka yao kufuta mstari mmoja tu.

Wana pia sheria ngumu inayonishangaza: ile namba 8210 ya FINRA. Wakikuita kujibu maswali, huwezi kunyamaza ukabaki na leseni yako. Lakini SEC, kabla ya kukushitaki, ina desturi ya kukupa ile wanayoiita notisi ya Wells: tunakusudia kukushitaki kwa hili na hili, una la kusema? Avoka anaandika jibu, na mara nyingine mambo yanaishia hapo. Ninaionea wivu desturi hiyo. Mteja wangu mimi anajua ameshitakiwa siku polisi anapomshika mkono mbele ya wateja wake. Hata akishinda baadaye, mtaa mzima ulishamwona.

Kuhusu kuishi nayo: inawezekana, polepole. Utalipwa vibaya na makesie na vizuri na wakurugenzi, na utatamani kubaki na wakurugenzi. Jifunze mambo matatu ambayo hatukufundishwa vya kutosha. La kwanza hesabu. La pili OHADA, sheria moja ya biashara ya nchi kadhaa za Afrika: tangu Septemba 2012 ndiyo sheria yetu ya biashara, na ibara ya 891 ya sheria yake ya makampuni kuhusu kiongozi anayetumia mali ya kampuni kwa faida yake utaikuta kila mahali. La tatu pesa chafu. Sheria ya 2004 imebadilishwa na ile ya Desemba 2022, na nchi yetu ilitiwa kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa) ya GAFI, chombo cha kimataifa cha kupambana na pesa chafu, Oktoba ya mwaka huo huo. Matokeo yake gishe zimebanwa: mfanyakazi asiporipoti pesa ya kutiliwa shaka kwa CENAREF, ofisi ya serikali inayopokea ripoti hizo, ana kosa, na akimnong'oneza mteja kwamba ameripotiwa ana kosa. Yuko katikati ya mawe mawili, na mshahara wake haujaongezeka.

Wakaguzi wa ndani nao msiwasahau. Septemba 2020 tribinali moja ya Kinshasa iliwahukumu kifo Gradi Koko na Navy Malela, wafanyakazi wa zamani wa banki waliotoa nyaraka za mwendo wa pesa walioutilia shaka. Hawakuwepo kikaoni. Habari ilifika hadharani Februari 2021, wakiwa Ulaya. Mkaguzi yeyote aliyewahi kukaa mbele yangu tangu siku hiyo amelitaja jambo hilo kabla ya kutaja lake.

#10 – Muzee wa Kamalondo

Mimi nilikuwa Kinshasa 1991, Bindo ilipoanguka, ile nyumba iliyokusanya pesa za watu kwa kuahidi faida kubwa. Watu walikuwa wameuza hadi friji. Nakumbuka vijana waliokuwa wakiandika majina mezani, waliopigwa wa kwanza. Walikuwa wanalipwa kwa siku, hawakujua kitu. Wenye mali hatukuwaona. Metre, endelea.

#11 – Dada wa Ruashi

Narudi kuwapa habari, nimechelewa kwa sababu ya mbio. Hakusaini. Walimbakiza siku ile ile. Tulipata avoka kupitia baro, kijana bado, lakini aliusoma uzi huu wote kwenye simu yangu tukiwa tumekaa kwenye ngazi za parike. Siku ya 5 walimpeleka mbele ya juji. Avoka aliweka mezani saini za kamati, mikopo 14 kati ya 17 ilikuwa na saini tatu, ya mdogo wangu ikiwa ya mwisho. Juji alimuuliza yule wa kampuni: hawa wengine wawili wako wapi? Ametolewa kwa dhamana, asitoke mjini, aripoti kila Jumatatu. Mama amepika. Ila mikopo mitatu ile mingine hatuelewi, wateja wanasema walishalipa, kampuni inasema hapana.

#12 – Mleta uzi

Dada, mshike huyo avoka kijana, msimbadilishe.

Hiyo mitatu: muulizeni mdogo wako kitabu cha risiti kilikuwa kwa nani siku wateja walipolipa. Kila risiti ina namba na ina shina lake linalobaki kitabuni. Avoka wenu aandike leo barua ya kuomba vitabu vyote vya tawi kwa mwezi ule, na nakala aiweke kwenye dosie ya magistra, ili siku wakisema vimepotea iwe imeandikwa kwamba tuliviomba. Wateja waje na karatasi zao, hata zilizolowa, hata zilizokunjwa. Mdogo wako leo asifanye lolote, ale alale.

Kesho asubuhi nipo Tribinali ya Biashara mpaka saa sita. Huyo kijana anikute pale na shina moja tu, nitamwonyesha pa kuanzia.